Maneno ya Kisheria katika Hati za Wazee Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, na kuchapishwa humu kwa maombi ya kamati)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Kamati imeniomba nizungumze juu ya hati za kale za ukoo wetu, na hasa juu ya maneno yake, kwa kuwa wengi wenu mmeletewa nakala na mkazirudisha mkisema kwamba hata zilipofasiriwa hazikufahamika. Nimepewa nusu saa. Tena nina deni la kulipa katika hotuba hii, deni langu mwenyewe, nalo nitalifikia mahali pake. Naomba mnivumilie mpaka hapo.

Hati tulizonazo ni kumi na moja. Saba zimeandikwa kwa Kiarabu, mbili kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mbili kwa Kiingereza cha mahakama. Ya zamani zaidi ni ya mwaka 1304 wa Hijra. Nyingine zilikuwa katika kasha la marehemu baba yangu, nyingine zilinakiliwa katika Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Unguja, na moja, iliyo bora kuliko zote, ilikuja kwa posta kutoka Mombasa. Hiyo ndiyo yenye deni.

Kwanza tarehe, kwa sababu hapo ndipo wengi hujikwaa kabla hawajafika hata kwenye neno la kwanza la sheria. Ndugu yetu mmoja wa Toronto, mtu wa hesabu kwa kazi yake, alichukua mwaka 1309 akajumlisha 622, akapata 1931, kisha akaniandikia kwa mshangao kwamba Babu Mkuu alifariki mwaka 1931 ilhali picha ya mazishi ya mwanawe mkubwa ni ya mwaka 1928. Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo miaka thelathini na mitatu ya Hijra inakaribia kuwa thelathini na miwili ya Miladi. Njia ya mkato ni kuuzidisha mwaka wa Hijra kwa 0.97, kisha kujumlisha 622. Jawabu halitakosea zaidi ya mwaka mmoja. Ukitaka siku yenyewe, tumia majedwali. Tarehe 12 Rajab 1309 iliangukia mwezi wa Februari 1892, na hiyo ndiyo tarehe ya hati ya mirathi ya Babu Mkuu.

Msisahau pia kwamba kwa hesabu ya wazee siku huanza magharibi, jua linapotua. Hati ikisema mtu alifariki usiku wa Ijumaa, basi ni usiku ambao sisi hapa Uingereza tungeuita wa Alhamisi. Hili si jambo kubwa, lakini mmoja wetu aliwahi kugombana na karani wa nyaraka kwa sababu ya siku hiyo moja, na karani ndiye aliyekuwa na haki.

La pili ni mipaka. Hati ya shamba haikutaja ekari wala futi. Ilitaja majirani, na ilihesabu miti. Mikarafuu mingapi, minazi mingapi. Unguja na Pemba mtu aliweza kumiliki miti bila ya kumiliki ardhi iliyo chini yake, ndiyo maana mwandishi wa hati alihesabu miti kwa uangalifu, na ardhi akaitaja kwa pande zake nne tu: kibla, suheli, matlai na maghribi. Hapo mpwa wangu wa Maskati alipotea. Yeye amezaliwa kule na huswali akielekea magharibi, kwani Makka iko magharibi ya Maskati. Kwa hiyo aliposoma ‘upande wa kibla’ aliuandika magharibi katika ramani yake. Lakini ukisimama Unguja Makka iko kaskazini, karibu sawasawa kabisa, na katika hati za pwani yetu kibla ni kaskazini, kama suheli ilivyo kusini na matlai ilivyo mashariki. Ramani yake ikageuka robo nzima ya duara, na njia ya wapita njia ikaingia baharini. Anacheka sasa pale alipokaa, na ameniruhusu niwaeleze. Sisi tunaoswali Leicester tukielekea kusini-mashariki tungeigeuza vibaya zaidi.

Fedha nazipitia upesi. Hati za mwanzo zinataja riale, yaani riale ya fedha ya Maria Theresa; za baadaye zinataja rupia, na moja inataja shilingi. Rupia iliendelea kutumika Unguja mpaka mwaka 1936, ilipoondolewa kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa kila rupia. Msilinganishe tarakimu kabla hamjajua ni za fedha gani.

Sasa niingie katika sheria yenyewe, na nianze na lile shamba.

Hapana mtu humu ambaye hakusikia kwamba Babu Mkuu aliuza shamba lake la mikarafuu kwa riale 600 ili afanye harusi ya kifahari. Mimi nililisikia jambo hilo kwa bibi, na bibi alilisikia kwa mama mkwe wake, na kila aliyelisimulia aliongeza ngoma moja na ng'ombe wawili. Hati ya mwaka 1304, yaani 1886 au 1887, inasema kweli kwamba ameuza. Neno la Kiarabu ni ‘bai’, nalo ni bei, ni mauzo. Nilipoifasiri mara ya kwanza niliandika ‘ameuza’, na nikaona hadithi imethibitika.

Lakini baada ya neno hilo kuna jingine ambalo nililiruka kama mtu arukaye kidimbwi: khiyari. Bei ya khiyari si mauzo kama tunavyoyajua. Ni mauzo ambayo muuzaji amejiwekea haki ya kurudisha fedha katika muda uliotajwa na kuchukua mali yake. Katika hati yetu muda huo ni miaka mitatu. Na chini yake, tarehe ile ile, mbele ya mashahidi wale wale, kuna hati nyingine fupi ambamo mnunuzi anamkodisha muuzaji shamba hilo hilo kwa riale 60 kila mwaka. Basi tazameni. Babu Mkuu amepokea riale 600; hakuondoka shambani hata siku moja; anavuna karafuu zake; kila mwaka anatoa riale 60; na akirudisha 600 mambo yamekwisha. Riale 60 katika 600 ni kumi kwa mia. Huo ni mkopo, na shamba ni rahani, lakini kwa kuwa sheria ya Kiislamu imeharamisha riba, mkopo umevishwa nguo ya mauzo na faida imevishwa nguo ya kodi. Wenye mashamba wengi wa Unguja na Pemba walipata fedha kwa njia hiyo. Walioshindwa kuzirudisha waliyapoteza mashamba yao kweli, na ndipo neno ‘ameuza’ likawa kweli kwa kuchelewa.

Kwetu haikuwa hivyo. Pembeni mwa karatasi, kwa wino mwingine na mwandiko mwembamba, pameandikwa mistari miwili kwamba fedha zimerudishwa zote na shamba limerejea kwa mwenyewe. Tarehe ni ya mwaka 1306. Nilikuwa na nakala hiyo kwa miaka mingi nisiisome pembeni, na mashine ya nakala ilikuwa imekata nusu ya maneno. Nawausia wote mtakaoshika hati: someni pembeni, na igeuzeni karatasi muone nyuma. Matn ya hati hueleza siku moja tu. Pembeni ndipo palipoandikwa yaliyotokea baadaye.

Kwa hiyo harusi ilikuwako, na pengine ng'ombe pia walikuwako, lakini shamba halikupotea kwa ajili yake. Liliingia katika mirathi mwaka 1309. Yaliyolipata shamba hilo baada ya 1964 mnayajua wenyewe, nami sikusimama hapa kuyazungumza.

Neno jingine moja la kupitia kabla ya lile kubwa, la Kiingereza. Katika hati ya mahakama ya mwaka 1929 ami yetu mmoja ametajwa kwa neno ambalo katika Kiingereza cha mitaani ni mtoto mchanga wa kunyonya. Mjukuu wake akahesabu umri wote wa mzee kuanzia hapo, akampa miaka kumi na minane pungufu. Katika sheria ya Kiingereza ya siku hizo neno hilo lilikuwa na maana ya mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 21. Ami alikuwa kijana mwenye ndevu. Sheria ya Kiislamu nayo ina neno lake, ‘kasiri’, yaani ambaye hajabaleghe, na huyo huwekewa wasii wa kumtunzia mali yake mpaka abaleghe na aonekane ana busara ya kuishika. Mlishike neno hilo la wasii, tutakutana nalo tena.

Ndugu zangu, sasa deni.

Mwaka 2014 kamati ya wakati huo ilinikabidhi kazi ya kuchora shajara ya ukoo. Ilionekana kazi hiyo ni yangu, kwa sababu kabla ya kuhama mwaka 1989 nilikuwa karani wa ardhi Unguja, na hapa Uingereza nilifanya kazi katika halmashauri ya mji, katika chumba cha kumbukumbu, hadi kustaafu. Mtu aliyeshika hati maisha yake yote. Miongoni mwa karatasi za baba nilikuwa na hati ya wakfu ya mwaka 1307, ambamo Babu Mkuu anaiweka wakfu nyumba yake ndogo ya Ng'ambo, akae ndani yake mwanamke mmoja aliyetajwa kwa jina, maisha yake yote, kisha dhuria yake, kisha watu wake aliowaacha huru na dhuria zao, na wakimalizika wote basi iwe ya msikiti. Mwanamke huyo ametajwa kwa jina lake na kwa maneno mawili: ‘ummu walad’ wangu.

Nilifasiri neno kwa neno. Ummu ni mama, walad ni mtoto. Nikaandika ‘mama wa mtoto’. Na kwa kuwa mke angeitwa mke, na huyu hakuitwa mke, nikakata shauri kwamba Babu Mkuu alikuwa na mtoto wa nje, akampa mama yake nyumba ya kumsitiri. Nikachora shajara. Wanawe wawili wa kiume na wawili wa kike nikawaunganisha kwa mstari mzima. Wa tano nikamchorea mstari wa nukta nukta, na nukta hizo zikaendelea kushuka kwa wanawe, na wajukuu zake, na vitukuu vyake, mpaka kwa watoto waliokuwa wakicheza mpira nje ya ukumbi ule ule tulipokigawa kijitabu. Tulichapisha nakala mia mbili.

Shangazi yetu wa Mombasa, ambaye leo amekaa mstari wa mbele, ni binti wa huyo wa tano. Hakusema neno siku ile. Alikunja kijitabu chake, akakitia mkobani, akala chakula, akatuaga vizuri. Mkutano uliofuata hakuja, wala wanawe hawakuja, na sisi tukasema visa vimekuwa vigumu.

Mwaka 2016 nikapokea bahasha. Ndani yake mlikuwa na nakala ya karatasi ambayo baba yake alikuwa ameitunza katika bweta, hati ya mirathi ya Babu Mkuu yenye muhuri wa Kadhi, na barua ya mistari mitatu. Nitasoma mmoja, kwa idhini yake: ‘Mwanangu, mimi Kiarabu cha sheria sikukisoma, lakini tarakimu nazijua, kama baba yangu si mtoto wa nyumba ile, Kadhi alimpa kumi na nne kwa sababu gani?’

Niliitazama hati. Mali yote imegawanywa sihamu 64, na sihamu maana yake ni mafungu. Mke aliyebaki amepewa 8. Wana wa kiume watatu, kila mmoja 14. Mabinti wawili, kila mmoja 7. Hebu hesabuni nami. Mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane, na thumni ya 64 ni 8. Zinabaki 56. Mwana wa kiume hupata fungu la mabinti wawili, kwa hiyo wana watatu ni mafungu sita na mabinti wawili ni mafungu mawili, jumla mafungu manane. 56 kwa nane ni 7. Binti 7, mwana 14. Kadhi hakukosea hata chembe. Baba yake Shangazi ni mmoja wa wale watatu, amepewa sawasawa na ndugu zake, na pembeni mwa jina lake pameandikwa kwamba ni kasiri na kwamba wasii wake ni kaka yake mkubwa. Kaka huyo mkubwa ndiye babu yangu mimi mzaa baba. Yeye aliwekwa amtunzie mdogo wake haki yake, na mjukuu wake ndiye aliyeipitishia nukta.

Kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa nje kabisa ya uhalali hamrithi baba yake. Nililijua hilo tangu chuoni. Basi hati hizi mbili zilipowekwa pamoja, tafsiri yangu haikuweza kusimama. Nikarudi kwenye vitabu vya fikihi, jambo ambalo ningelifanya miaka miwili kabla, na humo maneno hayo mawili yana mlango wao peke yao.

Ummu walad ni istilahi. Ni mjakazi, yaani mtumwa mwanamke, ambaye bwana wake amemfanya suria na akamzalia mtoto. Akishazaa, hukumu yake inabadilika. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya ukoo wetu, hawezi tena kuuzwa, wala kutolewa zawadi, wala kuwekwa rahani, na siku bwana anapokufa yeye anakuwa huru, hata kabla madeni ya marehemu hayajalipwa. Mtoto wake amezaliwa huru, ana nasaba ya baba yake, anarithi kama watoto wa mke, bila ya kupunguziwa. Yeye mwenyewe mama harithi, kwa sababu mirathi ni ya mke na suria si mke. Ndiyo maana hamumkuti katika orodha ya warithi. Ndugu waliopekua hati ile wakasema ‘mbona mama wa huyu hayumo’ walidhani ni dharau au ni siri. Ni kanuni tu. Na kwa kuwa asingerithi kitu, Babu Mkuu alimwekea wakfu wa nyumba miaka miwili kabla ya kufa kwake. Angeweza pia kumfanyia wasia, kwani wasia hauruhusiwi kwa mrithi na hauzidi theluthi ya mali, na yeye hakuwa mrithi. Mkikuta katika hati ya Kiislamu mtu ameachiwa kitu kwa wasia, jueni kwamba katika macho ya mwandishi mtu huyo si mrithi. Linaweza kuwafungulia mengi.

Kama kuna anayeona kwamba mtoto wa suria ni pungufu, na atazame waliokaa juu ya kiti cha enzi Unguja. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 watoto aliowaacha walikuwa wa masuria. Seyyid Majid mama yake alikuwa suria, na Seyyid Barghash mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Seyyida Salme, ambaye kitabu cha maisha yake kilichapishwa Berlin mwaka 1886, mama yake alikuwa suria wa Kisirkasi. Hapana aliyewachorea nukta.

Lakini nisije nikaipamba habari hii mpaka ikapoteza ukweli wake. Mama huyu hakuja kwetu kwa posa. Alinunuliwa. Jina lililomo katika hati ni jina la ua, mojawapo ya majina ambayo mabwana waliwapa watumwa. Jina alilopewa na mama yake halimo katika karatasi yoyote, na katika hati ya wakfu hakuwekewa ‘binti’ wa mtu. Kila mwingine katika karatasi hiyo ana baba na babu, hata mashahidi. Yeye ana neno moja la jina na maneno mawili ya sheria. Haki alizopewa na sheria alizipata kwa sababu alimzalia aliyemmiliki. Nadhani tunaweza kuyasema yote mawili kwa pamoja, kwamba mwanawe alikuwa mtoto kamili wa nyumba ile, na kwamba yeye hakuulizwa.

Binti wa dada yangu, anayesoma historia huko Cardiff, alimtafuta katika habari za watumwa waliopewa uhuru baada ya amri ya Seyyid Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897, asimwone. Hakuwa wa kuonekana huko. Amri ile iliondoa hadhi ya utumwa katika sheria, na mtumwa aliyetaka uhuru wake alikwenda mwenyewe mahakamani kuudai. Lakini masuria waliachwa nje, wakahesabiwa kama wake waliomo ndani, wasiweze kutoka isipokuwa kwa kuthibitisha kwamba wametendewa ukatili, na kipengele hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1909. Na hata bila ya hayo, bibi yetu alikuwa huru tangu 1892, tangu siku ya kufa kwa Babu Mkuu, bila ya kupewa cheti na mtu. Anayetafuta bibi wa namna hii asianze na daftari za uhuru. Aanze na wakfu.

Na awe na hadhari na neno ‘maula’. Katika hati mbili za baadaye nyumba ile ya Ng'ambo imetajwa kuwa na mpangaji ambaye ni ‘maula’ wa ukoo wetu, na baadhi yenu mkadhani ni bwana fulani mkubwa aliyekuwa na mamlaka juu yetu. Kiarabu hulitumia neno hilo hilo kwa aliyeacha huru na kwa aliyeachwa huru. Huyu alikuwa wa pili. Ni mmoja wa wale walioachwa huru ambao Babu Mkuu aliwataja katika wakfu, na dhuria yake, kama wapo, walikuwa na haki katika nyumba ile baada ya dhuria ya ummu walad. Baraza la Babu Mkuu lilikuwa na watu wengi kuliko shajara yetu. Atakayenirithi kazi hii namkabidhi jambo hilo.

Nililipokea jawabu la vitabu mwaka 2016 nikamwandikia Shangazi siku ile ile. Lakini kosa lilichapishwa mbele ya watu wote, na barua ya faragha hailingani nalo. Basi nasema hapa, mbele ya wazee na mbele ya watoto: Shangazi, nilikosea. Nilifasiri maneno ambayo sikuyajua kana kwamba nayajua, nikamtoa baba yako mahali ambapo Kadhi na kaka yake walikuwa wamemweka. Naomba radhi yako, na radhi ya wanao wote, na ya wale waliokwisha tangulia mbele ya haki.

Shajara mpya iko katikati ya kijitabu hiki, kurasa mbili zinazofunguka. Mistari yote ni mizima. Wenye nakala za mwaka 2014 mnaombwa muweke hii pamoja na ile, msiitupe ya zamani.

Juu ya jina la bibi yetu palikuwa na mjadala katika kamati. Wengine tuliona vyema, kwa heshima, tuandike ‘mke’, kwani miaka imepita mingi na neno lile jingine ni zito kwa watoto. Nilimpigia simu Shangazi kumuuliza. Alinyamaza muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, ‘Hakuwa mke, mwanangu. Mkimwandika mke, mtakuwa mmemficha mara ya pili. Andikeni alivyokuwa, na hilo ua lake.’

Basi ndivyo alivyoandikwa.